Miguu Bado Inakanyaga

Niliiona miguu yake kabla sijaitazama mikono. Bamkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, kinanda kiko juu ya meza ya chakula, waya wa adapta umepita nyuma ya pazia hadi kwenye soketi. Alikuwa anapiga wimbo wa matoleo, ule wa mwendo wa taratibu, na chini ya meza miguu yake ilikuwa inapanda na kushuka kwa zamu. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Hapakuwa na pedali pale. Alikuwa anakanyaga sakafu, na kandambili zake zilikuwa zinatoa mlio mdogo kila kisigino kilipogusa saruji.

Alipomaliza nikamuuliza, "Bamkubwa, miguu inafanya nini huko?"

Akainama, akaichungulia kama vile ni ya mgeni aliyeingia bila hodi. "Inatafuta upepo," akasema, kisha akafunua ukurasa mwingine.

Kinanda alichojifunzia akiwa na miaka 16, katika kanisa la parokia yao hapa Tanga, kilikuwa kile cha kukanyaga. Mpigaji anasukuma vibao viwili kwa miguu, mivukuto iliyo tumboni mwa sanduku inasogeza upepo, na upepo unapita kwenye ndimi nyembamba za shaba, kila sauti na ulimi wake. Ukiacha kukanyaga, wimbo unakata pumzi kama mtu anayepanda kilima. Alikipiga kile kinanda kwa miaka 16. Kisha kazi ikamhamisha kwenda mahali ambako kanisa lilikuwa na ngoma na kayamba tu, watoto wakaanza shule, na siku zikaenda. Amerudi kwenye kinanda akiwa na miaka 66. Katikati hapo kuna miaka 34 ambayo hakugusa chochote chenye vibao vyeupe na vyeusi, isipokuwa, anasema Mamkubwa, ukingo wa meza wakati wa kusubiri chai.

Kinanda cha sasa ni Yamaha ya mtumba ambayo wanawe walimnunulia walipochangishana. Kina vibao 61: vyeupe 36, vyeusi 25. Jioni ile niliyofika nilisikia wimbo una pengo. Kila baada ya muda sauti moja ilikuwa haitoki, kama jino lililong'oka, na Bamkubwa alikuwa anaipita bila kusita. Kumbe alikuwa ameishi na pengo hilo kwa siku kadhaa akidhani kosa ni lake.

Hadithi yenyewe ni hii. Siku ya kwanza alifanya kile anachofanya kila anayerudi: alipiga ngazi ya Do ya vibao vyeupe kwa mkono wa kulia. Gumba linapiga Do, kidole cha shahada Re, cha kati Mi. Hapo gumba linapaswa kupita chini ya kiganja, kimyakimya, lidake Fa, ili vidole vingine vipate nafasi ya kuendelea hadi Do ya juu. Ni mahali pa kwanza ambapo mwanafunzi wa kinanda hukwama, na ni mahali ambapo mkono wa mzee huumbuka. Gumba lake lilipita. Lilifika. Fa haikulia. Akarudia. Ikalia. Akarudia tena, kimya. Akaamua kwamba gumba limelegea, akalipa adhabu ya kurudia hatua hiyo peke yake, Mi-Fa, Mi-Fa, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu alipiga Fa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kidole ambacho hana shaka nacho, na bado ikakataa.

Bamkubwa alikuwa karani wa stoo maisha yake yote ya kazi. Alichukua daftari, akaandika namba 1 hadi 61, akapiga kila kibao mara kumi kwa kidole kilekile, kwa uzito uleule, akaweka alama. Vibao vitatu vilikuwa na kasoro. Fa ile ilikuwa imelia mara nne kati ya kumi.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, alitandika blanketi mezani, akachomoa adapta, akatoa betri, akakilaza kinanda kifudifudi. Nilivuta kiti nikakaa. Alikuwa na bisibisi moja ya nyota, trei tupu ya mayai, chupa ya spiriti, pamba na vijiti vya meno. Skrubu ya kwanza ilipotoka hakuiweka popote mpaka alipoipima kwa jicho. Akaiweka kwenye shimo la kwanza la trei. Ya pili ikaingia la pili. Nikaona anapanga zile skrubu kwenye trei kwa ramani ya mgongo wa kinanda: za pembeni pembeni, za katikati katikati. Nilipouliza kwa nini asizimwage tu kwenye kisahani, alinionyesha mbili. Moja ilikuwa imeizidi nyingine urefu kama punje ya mchele. "Hii ndefu ukiirudisha mahali pa fupi," akasema, "itatokeza upande wa pili."

Kifuniko kilipofunguka, ndani palikuwa patupu kuliko nilivyotegemea. Spika mbili, mabamba machache ya saketi, utepe wa nyaya, na nafasi kubwa ya hewa na vumbi. Vumbi la Tanga lina unyevu wa bahari. Halipeperuki ukilipuliza, linakaa kama unga uliomwagikiwa maji. Alilisomba kwa brashi ya rangi iliyokuwa mpya, akielekeza nywele zake nje. Kabla ya kuchomoa utepe wowote wa nyaya aliuchora kwenye daftari, upande gani uko juu, mstari mwekundu uko wapi.

Chini ya vibao kuna kanda za mpira wa kijivu, na juu ya kila ukanda vimepangwa vikombe vidogo vya mpira. Alikigeuza kikombe kimoja nione tumboni mwake: madoa mawili meusi ya kaboni. Chini yake, kwenye bamba la saketi, kuna madoa mengine ya kuyapokea. Kibao kikishuka, doa la kwanza linagusa, kisha, baada ya kitambo ambacho huwezi kukihesabu, la pili linagusa. Kinanda cha aina hii hakina kitu cha kupimia nguvu za kidole. Kinapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Ukipiga kwa kasi, muda ni mfupi, kinatoa sauti kubwa. Ukishuka polepole, muda ni mrefu, kinanong'ona. Vumbi likikaa kwenye doa moja, hesabu inavurugika. Sauti inakosekana, au inaruka kwa kelele kuliko wenzake. Nilikaa nikiufikiria utaratibu huo muda mrefu. Ule upole wote tunaousikia kwenye mkono wa mpigaji mzuri umo katika nafasi ile ndogo kati ya madoa mawili.

Alilowesha pamba kwa spiriti, akaikamua mpaka ikabaki na ubaridi tu, akaizungusha kwenye kila doa mara tatu. Pamba ya kwanza ilitoka na weusi hafifu. Hakutumia msasa wala wembe, maana kaboni yenyewe ni utando mwembamba na ukiukwangua umeumaliza. Hakugusa madoa kwa kidole, kwa sababu kidole kina mafuta. Vibao vilivyokuwa na kasoro ni vitatu, lakini alisafisha 61, kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Ilimchukua mpaka adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka msikiti wa jirani. Kisha akaacha kila kitu wazi, akakifunika kwa kitambaa cha neti cha kufunikia chakula, akaenda kulala. Spiriti lazima ikauke yenyewe, alisema, na yeye alikuwa na usingizi.

Kurudisha kanda za mpira ndiko kulikokuwa na kazi kubwa. Kila ukanda una vichuchu vidogo vinavyopenya kwenye matundu ya bamba. Kisipopenya kimoja, ukanda unavimba mahali hapo na kibao cha juu yake kinakuwa kizito. Aliviingiza kimoja kimoja kwa kijiti cha meno kilichokatwa ncha. Mikono yake inatetemeka kidogo siku hizi, na nilimwona anangoja tetemeko lipite, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke, kisha anasukuma.

Kuna jambo linalonigusa kuhusu jina lililoandikwa kwenye kinanda hicho. Torakusu Yamaha hakuanza kama mtengenezaji wa vinanda. Alikuwa fundi wa kukarabati vifaa, na mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, Japani, aliitwa kwenye shule ya msingi kutengeneza kinanda cha kukanyaga kilichoharibika. Alipokifungua na kuona ndimi zake, akaamua anaweza kuunda cha kwake. Inasimuliwa kwamba cha kwanza alichokiunda yeye na mwenzake walikibeba mabegani kwa mti kuvuka milima ya Hakone hadi Tokyo, na wataalamu wa huko wakamwambia kwamba kimeundwa lakini sauti zake hazijapangwa sawa. Akakaa huko akajifunza kupanga sauti, akarudi kuunda kingine. Bamkubwa nilipomsimulia haya alinyamaza kidogo, akaendelea kukaza skrubu. Baadaye jioni nilimsikia akimweleza Mamkubwa jikoni, na katika masimulizi yake milima ilikuwa mirefu zaidi.

Jioni ile Fa ililia mara kumi kati ya kumi.

Basi likabaki gumba lenyewe, ambalo sasa halikuwa na pa kujificha. Utaratibu wake wa mazoezi ni wa dakika 25 asubuhi na 25 jioni, kwa saa ya ukutani. Kabla ya kukaa analoweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maana viungo vya vidole vinaamka vimekaza. Anaanza na mkono wa kushoto, ambao kwa wengi ni mzito, lakini ndio ulioshika besi kwa miaka 16, kwa hiyo unakumbuka zaidi. Kinanda kina kipimo cha mapigo ndani yake. Alikiweka 50 kwa dakika, mwendo ambao ukijaribu kutembea nao utaona kama unavuka matope. Kila wiki anaongeza mapigo mawili, na ikiwa wiki hiyo kulikuwa na hatua iliyokuwa inakwaruza, haongezi. Hakuna anayemsimamia. Nimeliona daftari: 50, 52, 54, 54, 54, 56.

Kidole kinachomsumbua kuliko vyote ni cha pete. Msomaji anaweza kuona sababu mwenyewe: kunja kidole cha kati chini ya kiganja, laza mkono mezani, kisha jaribu kunyanyua kidole cha pete peke yake. Kano zinazonyanyua vidole hivyo zimeunganishwa nyuma ya kiganja, hivyo kimoja kikifungwa, jirani yake hana uhuru. Kijana huifidia hali hiyo kwa wepesi. Mzee hana wepesi wa kufidia, kwa hiyo Bamkubwa ametafuta njia ya kuzunguka: anageuza kifundo cha mkono kidogo, kama mtu anayemimina maji kutoka kwenye kikombe, na uzito wa mkono unaangukia kwenye kidole cha pete bila kidole kujitutumua. Sikuona ameisoma mahali. Aliitafuta asubuhi tatu mpaka akaipata.

Sauti anayoitumia ni ile ya kinanda cha kukanyaga. Imo ndani ya mashine, na jambo hilo lilimfurahisha kama kukutana na mwanakijiji mwenzake mjini. Katika orodha ya sauti 128 ambayo watengenezaji wa vinanda vya umeme waliafikiana mwaka 1991 ili mashine zao zielewane, kinanda cha ndimi ni namba 21, kati ya kinanda cha kanisa na akodiani. Sauti hiyo ina tabia moja inayoamua kila kitu kuhusu namna ya kuipiga. Piano ukiigonga inaanza kufa palepale. Kinanda ukikishika, kinadumu vilevile mpaka uachie. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpiga kinanda iko kwenye kuachia. Ukiachia mapema kuna shimo, ukichelewa sauti mbili zinagongana, na hakuna pedali ya kuficha aibu.

Hapa ndipo nilipoona ufundi ambao sikujua kama upo. Tuseme sauti ya kwanza iko kwenye La, imeshikwa na kidole kidogo cha mkono wa kulia, na gumba chini yake limeshika sauti ya pili. Wimbo unataka kupanda kwenda Ti, lakini baada ya kidole kidogo hakuna kidole kingine. Ukiinua mkono ili usogee, wimbo unakatika. Bamkubwa hainui. La ikiwa bado inalia, kidole cha pete kinajipenyeza kwenye kibao kilekile, ubavuni mwa kidole kidogo, kinakaa juu ya kibao ambacho tayari kiko chini. Kwa nusu ya pigo vidole viwili viko kwenye kibao kimoja. Kisha kidole kidogo kinateleza nje, kinakuwa huru, kinapanda Ti. Sikio halipati habari yoyote. Mtu aliyekaa nyuma kanisani anasikia tu kwamba wimbo umepanda, laini kama kamba inayovutwa. Mkono umebadilishana walinzi na mlango haukufunguka.

Nilimwomba anionyeshe polepole. Alifanya hivyo mara sita au saba, mkono umetulia pale pale, vidole tu vikipishana, na mara ya nane niligundua kwamba hanionyeshi tena. Alikuwa anajifanyia mwenyewe, kwa sababu mara ya tano palitokea mkwaruzo mdogo ambao mimi sikuusikia.

Nyimbo zake anazinakili kwenye kaunta buku, kwa nota za herufi zinazotumiwa na kwaya zetu nyingi. Alama hizo asili yake ni kwa Bi Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na mchungaji John Curwen ndiye aliyeziendeleza katika karne ya 19. Wamisionari wakazieneza, na leo kuna wanakwaya Tanzania nzima wanaosoma sauti nne kwa ufasaha bila kuwahi kuhitaji ile mistari mitano. Bamkubwa anapiga mistari kwa rula, sauti nne zikisimama moja juu ya nyingine. Herufi kwa kalamu nyeusi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili za wima hutenga pigo na pigo. Nukta moja hugawa pigo katikati. Kistari humaanisha shika, usiachie. Sauti ikiwa ya ngazi ya juu, herufi inapata alama ndogo juu ya bega. Ikiwa ya chini, mguuni. Mistari ya vipimo anaichora kwa nyekundu. Namba za vidole anaziweka mwisho, kwa penseli, na baadhi ya kurasa zimefutwa mahali pamoja mara nyingi mpaka karatasi imeota manyoya. Ukurasa mmoja unamchukua siku mbili.

Nota za namna hii ni rafiki wa mwimbaji kuliko mpiga kinanda. Mwimbaji akishapewa Do yake, m ni Mi popote pale. Mpigaji anasoma m, kisha lazima aitafute imelala wapi leo. Juu ya ukurasa kumeandikwa Do = G, basi Ti imehamia kwenye kibao cheusi. Ukurasa unaofuata ni Do = F, na sasa ni Fa iliyo kwenye cheusi. Anafanya hesabu hiyo kwa mistari minne kwa pamoja, pigo baada ya pigo, jicho likisoma kutoka besi kwenda juu. Mkono wa kushoto unabeba besi na teno, wa kulia alto na soprano. Namwangalia uso anaposoma: midomo inatamka besi.

Jumatano huja kijana anayepigia kwaya ya parokia, ana miaka kama 22, ana sikio zuri sana. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu. Kaa, vuta kiti." Kijana yeye hupiga nyimbo zote kwenye ngazi ya Do ya vibao vyeupe, kisha anabonyeza kitufe cha transipozi na mashine inahamisha sauti hadi inapotakiwa. Jumatano moja alimtazama Bamkubwa akihangaika na Do = D, akashindwa kuvumilia.

"Babu, kwa nini ujitese na hivi vyeusi? Bonyeza hapa mara mbili, umefika."

Bamkubwa alijaribu. Alibonyeza, akaweka mikono kwenye vyeupe, akapiga vipimo viwili, akaacha. Akajaribu tena. "Hapana," akasema taratibu, bila kukataa kwa ubishi. "Mkono unashika Do, sikio linasikia Re. Nachanganyikiwa." Kitu ambacho kwa kijana ni njia ya mkato, kwa sikio lililokaa miaka 16 na kinanda kisichohama ni kama kuitwa kwa jina la mtu mwingine. Lakini hakukidharau kile kitufe. Wiki iliyofuata nilisikia amekipatia kazi: kwaya ikichoka mwishoni mwa mazoezi na sauti ya kwanza ikaanza kubana, anashusha nusu hatua na kupiga palepale. Kijana naye ameanza kumwomba Bamkubwa amwonyeshe besi inayotembea. Alikuwa amezoea kushika kodi tatu, yaani mafungu ya sauti zinazolia pamoja, kwa mkono wa kushoto na kuwasha mdundo. Sasa nilimwona anapiga mstari wa besi peke yake, kidole kimoja kimoja, akiufuata kwenye kaunta buku, na Bamkubwa ameegemea mkono kwenye kiti chake akisema kila baada ya muda, "Shika. Bado shika. Haya, achia."

Watu wa pwani hii walikuwa na jina kinanda zamani kabla ya mashine hizi. Zamani neno lilikuwa la chombo cha nyuzi cha kukumbatia kifuani, na ndiyo maana Zaburi za Kiswahili hukitaja pamoja na kinubi. Kisha jina likahamia kwenye sanduku la mivukuto, sasa limehamia kwenye plastiki na saketi. Bamkubwa hupenda kusema hivyo akiona mtu anasitasita kukiita kinanda hiki kinanda.

Jioni ya mwisho ya likizo yangu umeme ulikatika saa moja kasoro. Nilidhani mazoezi yameisha. Mamkubwa alileta taa ya kuchaji akaiweka juu ya kabati bila kuambiwa, na Bamkubwa akakigeuza kinanda, akafungua kifuniko cha chini, akaingiza betri sita za tochi, moja baada ya nyingine, akihakikisha kila moja imeelekea upande wake. Taa ndogo ya kinanda ikawaka. Nje jenereta ya jirani ilikuwa inakohoa, kwa hiyo akaongeza sauti kidogo, kisha akapunguza, akaamua kusubiri. Alisubiri mpaka jenereta iliposhika mwendo na masikio yakaizoea.

Alipiga ule wimbo wa matoleo niliousikia siku niliyofika, kwa mapigo 56. Sasa haukuwa na pengo. Nilikaa ubavuni mwake, upande wa taa, nikaona vidole vikipishana juu ya La, kile cha pete kikiingia, kidogo kikitoka, kifundo cha mkono kikigeuka kama kinamimina. Gumba lilipita chini mara mbili. Na kule chini ya meza miguu ilikuwa kazini, kulia, kushoto, polepole zaidi kuliko wimbo. Kwenye kinanda cha zamani, mpigaji aliyejua kazi yake alikuwa anajaza upepo kabla ya kodi ya mwisho, maana kodi ya mwisho hushikwa kwa muda mrefu na aibu yake ni kuishiwa pumzi mbele ya watu. Vipimo viwili kabla ya mwisho niliuona mguu wake wa kulia unashuka wote, kisigino mpaka kidole, na kukaa hapo.

Akashika ile kodi. Sauti nne, zote zimesimama. Akahesabu kwa kichwa, moja, mbili, tatu, nne, akaachia vidole vyote kwa wakati mmoja.

Mamkubwa kutoka jikoni akasema, "Amina."

Bamkubwa alikuwa ameshachukua penseli. Alisogeza kaunta buku kwenye mwanga, akafuta namba ya kidole kwenye kipimo cha tatu, akaandika nyingine, akapuliza vumbi la kifutio mbali na vibao. "Tena," akasema. "Kuanzia ubeti wa pili."